Salamu ya Kiarabu Imegeuka Takataka: Kosa Liko Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa C++ programu ya kutunza orodha ya wanachama kwenye kompyuta za Windows, na maneno yake yote ya skrini ni ya Kiarabu. Kwangu kila kitu kinasomeka vizuri, lakini kwenye kompyuta ya mtumiaji neno «السلام» linatokea kama «ÇáÓáÇã», na majina anayoyaingiza mwenyewe yanarudi kutoka kwenye hifadhidata yakiwa alama za kuuliza tupu. Nimebadilisha fonti mara tatu bila mafanikio. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, iache fonti, kwani haina hatia. Fonti isiyo na umbo la herufi inayotakiwa kwa kawaida huonyesha kisanduku kitupu. Haiwezi kuigeuza alifu ikawa Ç. Uliyotueleza ni makosa mawili tofauti yaliyokutana katika programu moja, na kila moja limeacha alama yake.

Tuanze na salamu. Hesabu herufi za neno hilo: kwa Kiarabu ni sita, na takataka zilizotokea ni sita vilevile. Maana yake ni kwamba kila herufi imehifadhiwa kwa baiti moja (kipande kidogo cha data), jambo lisilowezekana katika UTF-8, namna ya kisasa ya kuhifadhi herufi za lugha zote, ambamo herufi za kawaida za Kiarabu huchukua baiti mbili mbili, bali ndiyo kawaida ya Windows-1256, jedwali la zamani la herufi za Kiarabu. Katika jedwali hilo alifu ni baiti C7 na lamu ni E1. Katika Windows-1252, jedwali la lugha za Ulaya Magharibi, baiti hizo hizo husomwa Ç na á. Basi baiti zako zimefika salama kabisa. Kilichobadilika ni jedwali la kuzisomea, kwa kuwa Windows hulichagua kulingana na mpangilio wa lugha ya programu zisizotumia Unicode (jedwali moja la herufi za lugha zote), ambao kwako ni wa Kiarabu na kwake sivyo.

Wapo watakaokushauri umwambie mtumiaji abadilishe mpangilio huo. Usikubali. Mpangilio huo ni wa kompyuta nzima, unahitaji kompyuta iwashwe upya, na programu nyingine ya zamani inayotegemea jedwali tofauti itaharibika pale pale yako inapopona.

Dawa yenyewe ni kuhamia Unicode. Fungua faili zako za msimbo ukikiambia kihariri kuwa zimeandikwa kwa Windows-1256, hakikisha Kiarabu kinasomeka, ndipo uzihifadhi upya kwa UTF-8. Ukizibandika jina la UTF-8 bila kuzigeuza kwanza, utakuwa umeongeza kosa la tatu. Kisha, ikiwa unatumia kompaila (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) ya Microsoft, iongezee chaguo la /utf-8, na maandishi yote yanayokwenda kwenye skrini yapitie funksheni za Windows zinazoishia na W, ambazo ni za Unicode, badala ya zile zinazoishia na A, ambazo hufuata jedwali la mpangilio ule, baada ya kuyageuza kuwa UTF-16, sura ya Unicode inayotumiwa na Windows. Kuanzia toleo la 1903 la Windows 10 ipo pia njia fupi: unatangaza katika manifesti ya programu, yaani maelezo yake yanayosomwa na Windows, kwamba jedwali lake ni UTF-8, na funksheni za A nazo zinaanza kulifuata. Njia hiyo ni nzuri mradi watumiaji wako wote wawe na toleo hilo au la baadaye.

Katikati ya kazi hii huenda ukaona takataka za sura mpya, zenye Ø na Ù kila baada ya herufi moja, kwa mfano «ا» mahali pa alifu. Usivunjike moyo, maana hizo ni baiti za UTF-8 zinazosomwa kwa Windows-1252: msimbo umekwisha kuhama, na iliyobaki nyuma ni funksheni moja ya kuonyesha maandishi.

Alama za kuuliza ni habari nzito zaidi. Hapo herufi za Kiarabu zimelazimishwa kuingia katika jedwali lisilo nazo, na kila iliyokosa nafasi imeandikwa baiti 3F, ambayo ni alama ya kuuliza halisi. Jina lililokwisha kuhifadhiwa hivyo haliwezi kurudishwa kwa ujanja wowote. Litaingizwa upya kutoka kwenye karatasi au nakala ya awali, na ni heri usimamishe uingizaji leo hii kabla hayajaongezeka. Ikiwa hifadhidata yako ni SQL Server, kagua kama safu ya majina ni VARCHAR, aina ambayo kwa kawaida hutumia jedwali la zamani. Ibadilishe iwe NVARCHAR, inayotunza Unicode, na maneno yanayoandikwa moja kwa moja ndani ya amri yatanguliwe na herufi N, la sivyo yataharibika kabla hata ya kufika kwenye safu.

Kabla ya kumpelekea mtumiaji toleo jipya, weka mpangilio ule wa lugha kwenye kompyuta yako uwe wa Kiingereza, uiwashe upya, kisha uingize jina moja la Kiarabu na kulisoma tena kutoka kwenye hifadhidata.