Telomea fupi na kisukari: je, nipime?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina miaka 52, ni mama wa nyumbani hapa Kizota, Dodoma. Mama yangu mzazi ana kisukari. Kijana wangu ameniambia kuna kipimo cha damu kinachoonyesha urefu wa telomea, kwamba wenye telomea fupi ndio wanaopata kisukari, na kwamba vipo vidonge vya kuzirefusha. Nijichange nikapime?

JIBU: Mama, pesa hiyo usiitoe. Kijana wako hakudanganya, ila habari aliyokuletea ni nusu.

Telomea ni ncha ya kromosomu, uzi unaobeba vinasaba ndani ya seli. Ni kama ncha ya kamba ya katani iliyofungwa isifumuke. Kila seli inapogawanyika, ncha hupungua kidogo. Ikiisha sana, seli huacha kugawanyika au hufa. Tafiti nyingi za watu wa makamo na wazee zimekuta kisukari aina ya pili zaidi kwa wenye telomea fupi kwenye chembe nyeupe za damu. Lakini kipi kilitangulia? Sukari iliyozidi, kitambi na sigara navyo huzichakaza telomea.

Kipimo chenyewe nacho kina kasoro. Telomea za mtu mzima hupungua kwa wastani wa herufi 20 hadi 40 za DNA kwa mwaka, kati ya maelfu kadhaa; haifiki asilimia 1. Njia ya maabara iliyo nafuu hukosea kwa asilimia kadhaa. Ukipima leo, umeze vidonge, upime tena mwakani, tofauti utakayoiona inaweza kuwa kosa la maabara tupu. Isitoshe, waliozaliwa na telomea ndefu zaidi wana hatari kubwa zaidi ya baadhi ya saratani, ikiwemo ya mapafu.

Umri wako, na mama mwenye kisukari, vinatosha kukupeleka kwenye kipimo cha sukari wiki hii.

Pima asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa nane bila kula; maji tu ndiyo ruhusa. Ukitumia mashine ya kidole, nawa kwa sabuni, ukaushe mikono. Msimu wa zabibu wengi hukosea hapa. Mtu amechambua vichala vya kuuza, akajifuta kwenye kanga. Tone la damu likachanganyika na utamu uliobaki kidoleni, na mashine ikasoma juu kuliko sukari yake halisi. Kupangusa kwa spiriti bila kunawa hakuondoi utamu huo wote. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, usikamue kwa nguvu. Kopo la stripu (vipande vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine) lifungwe papo hapo, lisikae juani.

Sukari chini ya 6.1 (kwa kipimo cha mmol/L) ni sawa. Rudia baada ya mwaka. Kuanzia 7.0, bila dalili, bado usijiite mgonjwa: rudia siku nyingine kwa damu ya mshipa, maabara. Ukipimwa wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c), kisukari huanzia asilimia 6.5, ila mweleze daktari kama una upungufu wa damu au selimundu, maana huvuruga jibu.

Ukiwa kati ya 6.1 na 6.9, ndipo penye kazi, na kazi hiyo inalipa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulilenga watu wapunguze asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58, zaidi ya kwa dawa ya kisukari ya metformin. Kwa mwenye kilo 80, ni kilo 5 na nusu hivi.

Usidanganyike kwamba ugali wa mtama au uwele haupandishi sukari. Ni bora kuliko sembe, lakini ni wanga; kinachoamua ni ukubwa wa bonge. Robo ya sahani ugali, robo kunde au maharage, nusu iliyobaki mlenda na mboga za majani. Chai bila sukari.

Na huyo kijana, kama ana kitambi, mwende wote. Bibi yake ni huyo huyo mwenye kisukari.