Maswali na majibu: mwaka wa kwanza chuoni Ujerumani

Dada, shikamoo. Nina cheti cha Kijerumani cha C1, kiwango cha juu, lakini mhadhara ukianza naambulia nusu tu. Nirudi kozi ya lugha? (Leipzig)

Marahaba. Usirudi. Cheti hicho hakikukuandaa kumsikiliza mtu anayezungumza dakika 90 mfululizo, tena kwa lafudhi ya kwao. Maprofesa wengi hupandisha slaidi kwenye mtandao wa chuo kabla ya kipindi. Zipitie usiku wa kuamkia mhadhara, istilahi ngeni ziandikie maana pembeni. Ukumbini andika hoja, hata kwa Kiswahili. Daftari ni lako. Uliza pia kuhusu mpango wa Tandem: unamfundisha mtu lugha yako, naye anakufundisha yake. Hapo Leipzig Kiswahili kinasomeshwa chuo kikuu, kwa hiyo wanaokutafuta wapo.

Ratiba inasema 10 c.t. Nilifika saa nne kamili asubuhi, ukumbi mtupu!

Herufi hizo maana yake kipindi kinaanza saa nne na robo. Ukiona s.t., ni saa nne kamili, usichelewe.

Kwenye semina nanyamaza kwa heshima. Mwalimu kaniambia sishiriki. Kumpinga mkubwa si utovu wa adabu? (Bayreuth)

Kwetu anayenyamaza anasikiliza. Huko anayenyamaza huonekana hajasoma, na hilo linaniuma, kwa sababu najua wengi wenu mmesoma kuliko wanaoongea. Wenzako wanapinga hoja, mwalimu mwenyewe hawajamgusa, na kipindi kikiisha wanaagana naye vizuri tu. Andaa swali moja nyumbani, liandike kwa Kijerumani sentensi nzima, lisome kwa sauti mpaka ulimi ulizoee. Kisha nyoosha mkono mapema, kabla mjadala haujashika kasi ukakuacha. Adabu yako bado ina kazi: mwalimu mwite kwa jina la ukoo na utumie Sie, yaani "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuambie vingine.

Nimepata 1.3 na mama amehuzunika.

Mpigie simu sasa hivi. Alama ya juu kabisa ni 1.0, na 5.0 ndiyo kufeli. Umefaulu vizuri sana.

Nimefeli mtihani mmoja mara mbili. Naona aibu kumwona profesa, na nyumbani hawajui.

Mdogo wangu, hili lisilale. Katika kozi nyingi, ukifeli jaribio la mwisho unaloruhusiwa, unapoteza haki ya kuendelea na fani hiyo, na kibali chako cha kuishi kinategemea masomo. Soma kanuni za mitihani za kozi yako ujue umebakiwa na majaribio mangapi. Omba kuiona karatasi yako iliyosahihishwa. Ni haki yako, si fadhila. Halafu nenda Sprechstunde, saa ambazo profesa ametenga kwa ajili ya wanafunzi. Ukikosa usingizi au hamu ya kula, Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, wana washauri wa kisaikolojia, na unayowaambia hayafiki kwa walimu. Barua pepe ya profesa iandike leo: jina, namba ya usajili, na mtihani unaotaka kuzungumzia. Mistari mitatu inatosha.