Maswali ya Wasomaji: Geji Isiyo na Jina na Mshale Usiorudi Mwanzo

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Marehemu babu yangu alifanya kazi katika karakana za ndege huko Eastleigh miaka ya 1950, akaendelea Embakasi uwanja mpya ulipofunguliwa mwaka 1958. Katika sanduku lake la vifaa tumekuta geji moja ya duara, nyeusi, yenye kioo mbele, ambayo nikiipima kwa rula upana wake ni sentimita nane hivi. Haina jina. Nyuma kuna matundu mawili madogo ya ribiti, ishara kwamba palikuwa na kibati kilichobanduka, na katikati kuna tundu moja tu lenye nyuzi za kufungia paipu. Usoni mna namba tupu, zinazoanzia 10 na kuishia 75, na sehemu ya chini, ambayo huenda ilikuwa na maneno, imekwanguka. Namba na mshale zimepakwa rangi nzito iliyo kati ya njano na hudhurungi. Linalonishangaza zaidi ni kwamba mshale haulali mwanzoni. Siku zote umesimama kabla kidogo ya 25, ingawa geji haijaunganishwa na kitu chochote. Nimeambiwa kwamba ni mbovu. Kila Desemba huwa tunateremka Mombasa kwa jamaa zetu, na nimekusudia kumpelekea fundi wa saa aliye huko aifungue, aisafishe na kuurudisha mshale mahali pake. Naomba kujua ilikuwa ikipima nini.

Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU

Ndugu msomaji, naanza na ombi: usimpe fundi yeyote geji hiyo aifungue. Kwanza, dalili zote ulizozitaja zinaonyesha kwamba ni nzima. Pili, iko ile rangi uliyoieleza, ambayo nitaizungumzia baadaye kwa kirefu kwa sababu inahusu afya ya watu wa nyumbani kwako.

Anayetaka kuitambua geji ya ndege iliyopoteza jina huigeuza kwanza autazame mgongo wake, maana uso unaweza kupakwa upya au kukwanguka, lakini mlango ambao habari iliingilia haubadiliki. Geji ya umeme huwa na pini au skrubu za kufungia nyaya. Geji ya joto ya aina ya zamani hutokwa na mrija mwembamba wenye balbu ya chuma nchani, na ile ya mizunguko ya injini, ikiwa haitumii umeme, huwa na mahali pa kuingizia kebo inayozunguka. Geji ya kasi ya ndege ina matundu mawili, kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha hewa inayosukumwa na mwendo na hewa tulivu. Yako ina tundu moja lenye nyuzi, kwa hiyo ilipima mgandamizo wa kitu kimoja kilicholetwa kwa paipu, na hapo tunabakiwa na mambo machache tu: mwinuko, kasi ya kupanda na kushuka, oili, petroli, hewa inayovutwa na pampu, au hewa inayoingia katika injini.

Namba zinamaliza kazi iliyobaki. Geji ya mwinuko huzunguka kutoka 0 hadi 9 na huwa na kitufe cha kuirekebishia. Ya kupanda na kushuka ina sifuri upande wa kushoto. Ya oili na ya petroli huanzia sifuri, na mshale hurudi hapo injini ikizimwa. Yako haina sifuri kabisa. Geji inayoanzia 10 na kufika 75, ambayo ikiachwa mezani mjini Nairobi husimama kabla kidogo ya 25, ni ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba linaloigawia hewa silinda za injini ya pistoni, na namba zake ni inchi za zebaki, yaani urefu wa safu ya zebaki ambayo mgandamizo huo unaweza kuibeba.

Mshale wako ndio ushahidi mkubwa kuliko wote, kwa hiyo tukae nao kidogo. Geji ya kujazia matairi upepo hulinganisha hewa ya ndani ya tairi na hewa iliyoizunguka, na pasipo tofauti husoma sifuri. Hii ya babu yako ina ndani yake kikopo chembamba cha chuma chenye mikunjo, kilichotolewa hewa na kuzibwa kama kile cha baromita, hivyo hulinganisha kila kitu na utupu. Tundu la nyuma likiwa wazi, hewa ya chumbani kwako huingia na kupimwa. Kwenye usawa wa bahari, kipimo sanifu cha hewa hiyo ni inchi 29.92. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu, na ile inayosalia juu ya vichwa vyetu hufikia karibu inchi 24 na nusu. Kumbe miaka yote hiyo sandukuni, geji imekuwa ikiipima hewa ya Nairobi, na inasema kweli.

Kipimo cha inchi za zebaki kinaielekeza kwenye vifaa vya Kimarekani. Waingereza walipima jambo hilohilo kwa ratili katika inchi ya mraba, wakaiita sifuri ile hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo geji yao ingesimama Nairobi kwenye mbili na nusu hivi chini ya sifuri. Ya Kijerumani ya wakati wa vita, iliyotumia kipimo cha angahewa, ingesimama karibu na 0.85. Ule mwisho wa 75 nao una habari: ni mara mbili na nusu ya hewa ya usawa wa bahari, na hakuna injini inayovuta hewa kwa pistoni zake peke yake inayoweza kufika huko. Geji hiyo ilitengenezwa kwa injini yenye supachaja, yaani feni inayosindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Injini za Twin Wasp za ndege aina ya Dakota, ambazo shirika la East African Airways lililoanzishwa mwaka 1946 lilizitumia, zilipewa inchi 48 wakati wa kuruka. Hilo pekee halitoshi kuitaja ndege, kwa kuwa geji za aina moja zilifungwa katika ndege nyingi tofauti.

Kwa rubani, geji hii ndiyo iliyomwonyesha nguvu ya injini, kwa sababu propela inayojirekebisha yenyewe hushikilia mizunguko ileile hata nguvu ikiongezwa au kupunguzwa. Kwa fundi ilikuwa na kazi nyingine, nayo naipenda zaidi. Kabla ya kuwasha injini, fundi huisoma geji ikiwa imetulia na kuikumbuka namba. Injini ikiwaka na kuungurumishwa polepole, mshale hushuka sana, kwa kuwa pistoni zinavuta hewa kupitia njia iliyokaribia kufungwa. Injini ikishapata moto, huongeza nguvu mpaka mshale urudi kwenye namba ileile ya mwanzo, ndipo anapotazama mizunguko: injini nzima huifikia iliyopangwa, iliyochoka hubaki nyuma. Kwa fundi wa Eastleigh, namba ya kukumbuka ilikuwa hiyohiyo unayoiona leo mezani.

Sasa rangi. Rangi ya namna hiyo katika vifaa vya ndege vya zama hizo mara nyingi ilichanganywa na radiamu, metali inayotoa mionzi ya nyuklia, ili namba zing'ae gizani. Usidanganyike ukizima taa na kuona haing'ai, maana kinachokufa ni kemikali ya kung'aa, ilhali radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Baada ya miaka 70 bado ipo karibu asilimia 97 yake. Geji iliyofungika vizuri na yenye kioo kizima si ya kuogopesha ikiwekwa mbali na watu. Hatari kubwa ni vumbi la rangi hiyo likivutwa puani au kumezwa, na hapa barua yako imenitia wasiwasi, kwa sababu uso huo uko nyuma ya kioo na bado umekwanguka. Maana yake ni kwamba kuna aliyewahi kuifungua. Tafadhali itie katika mfuko laini wa plastiki unaoonyesha ndani, uufunge, unawe mikono, ulifute sanduku kwa kitambaa chenye maji ambacho utakitupa, na uihifadhi mahali penye hewa ya kutosha, mbali na chumba cha kulala, watoto wasiifikie. Kabla ya kuibeba popote, wasiliana na mamlaka ya Kenya inayodhibiti nyuklia, KNRA, ili ipimwe kwa kifaa. Msomaji wa Tanzania mwenye kitu cha aina hii aiendee Tume ya Nguvu za Atomiki.

Wakikuambia kwamba hakuna ubaya kusafiri nayo, safari yenu ya Desemba itakuwa kipimo kizuri kuliko cha fundi yeyote. Iache ndani ya mfuko wake. Plastiki laini haizuii kitu, kwa kuwa hewa ya nje huukandamiza mfuko na geji huisoma hewa hiyohiyo. Mshale wa zamani huwa mzito, basi kabla ya kusoma ugonge kioo kidogo kwa ncha ya kidole juu ya plastiki. Mkifika Voi utakuwa karibu na 28. Mombasa utakuwa umekaribia 30. Ukibaki palepale kabla ya 25 safari nzima, basi umekwama, nami nitakiri kwamba nimekosea kuiita nzima. Lakini hata hivyo usiifungue. Tuandikie namba utakayoisoma ukiwa ufukweni.