Timu Inayojengwa Upya: Namna ya Kukisoma Kikosi cha Februari

Kambi za mazoezi zikishafunguliwa Arizona, sisi mashabiki wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox tunaozungumza Kiswahili huku Chicago huanza kuulizana maswali yale yale. Nani atawarushia wapigaji mpira siku ya ufunguzi? Besi ya tatu atailinda nani? Kwa nini mkongwe amepewa mkataba, na kijana wetu karudishwa ligi ya chini, yaani ligi ndogo ambako timu hulea wachezaji wake? Timu hii nimeifuata ikivunjwa na kujengwa upya mara mbili. Ninaandika hasa kwa ajili yenu mliokuja kwenye besiboli mkitokea kwenye mpira wa miguu, kwa sababu naona mnaumizwa na mambo yatakayosahaulika ifikapo Juni, na yale ya kuwakosesha usingizi mnayapita.

Aliyelelewa na Simba au Yanga amezoea kwamba usajili wa msimu ni wa kushinda msimu huohuo. Kocha akipoteza mechi tatu, watu wanaanza kumtafutia mrithi. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Timu inaweza kushika mkia miaka mitatu na bado ikabaki kwenye ligi kuu, ikipata mgao wake wa fedha za televisheni na nafasi nzuri ya kuchagua vijana. Ndiyo maana viongozi wanathubutu kuuza nyota wao wote kwa mpigo. Houston Astros walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka uliofuata, na 111 mwaka 2013. Mwaka 2017 walitwaa ubingwa. Baltimore Orioles walipoteza 115 mwaka 2018, na mwaka 2023 wakashinda 101.

Hizo ndizo hadithi ambazo viongozi hupenda mashabiki wazikumbuke. Sisi wa White Sox tunayo nyingine. Mwishoni mwa 2016 timu ilimuuza Chris Sale kwa Boston, na Julai 2017 ikampeleka José Quintana kwa majirani zetu Cubs. Wakaja vijana waliosifiwa nchi nzima: Yoán Moncada, Eloy Jiménez, Dylan Cease. Tuliingia mchujo wa kuwania ubingwa wa 2020 na wa 2021, na mara zote mbili tukatolewa kwenye hatua ya kwanza tuliyocheza. Kufikia 2024 tulikuwa na ushindi 41 na vipigo 121, idadi ya vipigo ambayo hakuna timu nyingine iliyowahi kuifikia katika zama hizi. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba ukivumilia tu, ubingwa utakuja wenyewe. Usipotazama ni nini hasa kinachojengwa, subira yako itakuwa bure.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: chukua orodha ya wachezaji walioko kambini na uigawe mafungu mawili. Fungu moja ni la wanaopita. Hawa ni wakongwe wenye mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Wameletwa ili mechi 162 zichezeke, na wakifanya vizuri watauzwa Julai kabla dirisha halijafungwa. Fungu la pili ni la wale ambao timu ikianza kushinda, watakuwa bado wapo. Wasiwasi wako uweke kwenye fungu la pili. Februari 2025 nilisikia mabishano marefu kuhusu Joey Gallo, ambaye zamani akiwa Texas alipiga homurani (mpigo wa kuvusha mpira nje ya uwanja) 41 msimu mmoja na 40 uliofuata. Alikuja kambini kwa mkataba wa ligi ndogo. Watu walibishana kama angecheza kushoto au kulia. Machi haikuisha akaachwa, akatangaza kwamba anataka kugeuka mrushaji. Muda wote uliotumika kumjadili ulikuwa muda uliokosekana wa kumjadili Shane Smith.

Huyu Smith nataka kumzungumzia kwa kirefu, kwa sababu habari yake inaonyesha faida moja ambayo timu dhaifu inayo juu ya timu imara. Alipomaliza chuo hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana. Milwaukee Brewers wakampa mkataba, akapanda taratibu katika ligi zao za chini. Kila Desemba kuna utaratibu unaoitwa Kanuni ya Tano: mchezaji aliyekaa miaka kadhaa ligi ya chini bila kuingizwa kwenye orodha ya watu 40 ambao timu yake imewalinda wasichukuliwe anaweza kuchukuliwa na timu nyingine kwa dola 100,000. Sharti lake ni gumu. Aliyemchukua lazima amweke kwenye kikosi cha watu 26 cha ligi kuu msimu mzima. Akishindwa, anapaswa kumrudisha kwao kwa nusu ya fedha. Timu inayowania ubingwa haina nafasi ya kumlea mtu ambaye hajawahi kurusha hata mpira mmoja ligi kuu. Sisi tuliotoka kupoteza mechi 121 tulikuwa nayo. White Sox walikuwa wa kwanza kuchagua Desemba 2024, wakamchukua Smith, naye akapata nafasi miongoni mwa warushaji watano wanaoanza mechi. Julai alikuwa Atlanta kwenye mechi ya nyota wa ligi nzima, na ndiye aliyetuwakilisha.

Kwa hiyo ukiona kambini jina usilolijua, tafuta kwanza limeingiaje. Je, ni la Kanuni ya Tano? Mchezaji yupo kwenye orodha ya 40 au amealikwa tu? Bado anaweza kushushwa ligi ya chini? Mchezaji aliyeingizwa kwenye orodha ya 40 kwa kawaida ana misimu mitatu ambayo timu inaweza kumpandisha na kumshusha itakavyo. Ikiisha, hawezi kushushwa mpaka timu nyingine 29 zipewe nafasi ya kumdai. Ukilijua hilo, maamuzi mengi ya mwisho wa Machi yatakuwa wazi kwako. Mara nyingi kijana aliyepiga vizuri anarudishwa chini kwa sababu anaweza kurudishwa, na mwenzake aliyepiga vibaya anabaki kwa sababu akishushwa atachukuliwa.

Kuna sababu nyingine ya kumrudisha kijana, nayo inanikera. Mchezaji huwa huru kuondoka baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu, na mwaka mmoja huhesabiwa kuwa siku 172. Mwaka 2015 Kris Bryant wa Cubs aliongoza kwa homurani za kambi nzima, 9, kisha akaanza msimu ligi ya chini. Walimwita Aprili 17, akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Siku moja hiyo iliwapa Cubs msimu mzima zaidi wa kuwa naye. Alilalamika rasmi na akashindwa. Tangu makubaliano ya 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji zimewekwa zawadi za kuzishawishi timu zisifanye hivyo, lakini hesabu yenyewe bado ipo. Shabiki ana haki ya kuuliza: kijana karudishwa ili ajifunze, au ili siku zihesabiwe?

Takwimu za mechi za kambini usizitegemee. Hewa ya Arizona ni kavu na mpira unaruka mbali, warushaji wanajaribu mitupo mipya bila kujali matokeo, na kuanzia awamu ya sita uwanjani wanakuwa vijana ambao hutawaona tena mwaka huo. Mpigaji anaweza kupata mipigo mingi dhidi ya watu wa ngazi ya chini. Ninachoangalia mimi ni vitu viwili tu: mrushaji anatupa kwa kasi gani akilinganishwa na mwaka jana, na mpigaji kijana anaiacha mipira mibaya au anaikimbilia.

Halafu viwiko vya warushaji. Hapa ndipo wasiwasi wa kweli ulipo, na ningependa tuuzungumze zaidi kuliko tunavyozungumzia nani atapiga wa tatu kwenye zamu za wapigaji. Fuatilia mnyororo huu. Quintana aliuzwa, akaja Cease. Machi 2024 Cease akauzwa San Diego, akaja miongoni mwa wengine Drew Thorpe, mrushaji kijana aliyetegemewa sana. Machi 2025, kabla ligi haijaanza, ikatangazwa kwamba Thorpe anahitaji upasuaji wa kano ya kiwiko, ule unaoitwa Tommy John kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Mtu hukaa nje mwaka mmoja au zaidi. Miaka minane ya kuuza na kununua, na mwisho wake ukawa mkono wa kijana mmoja kwenye meza ya daktari. Simlaumu yeyote kwa hilo. Ninachosema ni kwamba timu inayojengwa upya kwa warushaji peke yao inajengwa juu ya kitu kinachovunjika. Ukihesabu warushaji chipukizi watano kambini, jizoeze kuamini kwamba wawili kati yao hutawaona kwa muda.

Ndiyo maana sikuungana na wenzangu waliokasirika Garrett Crochet alipouzwa Boston Desemba 2024. Najua kilichofuata. Alirusha kwa ubora wa hali ya juu, akawatoa wapigaji 255 kwa straiki tatu (mitupo mizuri waliyoshindwa kuipiga), akawa wa pili kwenye kura za mrushaji bora wa American League. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa kila Crochet akirusha hunipigia simu: "Huyu alikuwa wetu, bwana." Alikuwa wetu, ndiyo. Lakini safari hii waliokuja wote watatu wa mwanzo walikuwa wapigaji: mdakaji (anayedaka mitupo ya mrushaji wa timu yake) Kyle Teel, Chase Meidroth na Braden Montgomery, pamoja na mrushaji mmoja, Wikelman González. Teel na Meidroth walicheza ligi kuu mwaka huohuo. Timu ilimaliza 2025 na ushindi 60 na vipigo 102, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa natazama mechi za Septemba kwa hamu.

Mwingine wa kumtazama ni Colson Montgomery, ambaye hana undugu na Braden. Alianza 2025 huko Charlotte, timu yetu ya daraja la juu kabisa la ligi ndogo, akipiga vibaya mno hadi mwisho wa Aprili wakamtoa kwenye timu na kumpeleka Arizona akarekebishwe upigaji wake kimyakimya. Wengi walishamfuta. Aliitwa ligi kuu Julai 4, akapiga homurani 21 katika mechi 71. Kijana akishushwa Machi, usimzike.

Wapo pia wanaojifariji kwamba tukipoteza sana tutapata chipukizi bora wa drafti. Hiyo ilikuwa zamani. Tangu drafti ya 2023 nafasi sita za mwanzo zinapigiwa bahati nasibu, na timu za miji mikubwa haziruhusiwi kushinda nafasi hizo miaka miwili mfululizo. Sisi tulipoteza 121 na mwaka uliofuata tukachagua wa kumi. Kwa hiyo sioni sababu ya kushangilia kipigo. Ushindi wa Aprili unamfundisha kijana kitu, na tikiti umelipia.

Jambo moja ambalo ningetamani viongozi wa timu waulizwe kwa ukali zaidi ni muda wa kucheza. Andrew Vaughn alichaguliwa wa tatu katika drafti ya 2019. Siku ya ufunguzi wa 2025 alipiga homurani ya pointi tatu, tukawafunga Angels 8-1, kisha akadorora, akashushwa Mei, Juni akapelekwa Milwaukee. Huko akapiga kama mtu mwingine, kwenye timu iliyomaliza na ushindi 97, ulio mwingi kuliko wa timu zote. Mchezaji akizaliwa upya mara tu anapoondoka kwetu, shabiki anapaswa kuuliza walimu wa upigaji wanafanya nini, kabla ya kuuliza nani mwingine anunuliwe.

Kwa kambi ya 2026 mambo yangu ni haya. Tuna wadakaji wawili vijana, Teel na Edgar Quero, na nafasi ya kudaka ni moja. Mdakaji hawezi kudaka kila siku, kwa hiyo kugawana kunawezekana, lakini natazama kocha Will Venable atampa nani siku za warushaji wachanga, kwa sababu mawasiliano yale ndiyo yanayojenga. Kuna Munetaka Murakami kutoka Japani, aliyepiga homurani 56 akiwa na Yakult Swallows mwaka 2022. Mkataba wake ni wa miaka miwili, hivyo mimi nimemweka kwenye fungu la wanaopita mpaka nione vinginevyo, na ninyi mtazameni kwa furaha bila kununua jezi yake haraka. Na Shane Smith ameshamaliza mwaka wake wa Kanuni ya Tano. Sasa anaweza kushushwa kama kijana mwingine yeyote. Akianza Aprili kwa kuyumba na ukasikia yuko Charlotte, angalia kwanza kasi ya mitupo yake kabla ya kunipigia simu.