Alama za mtihani hutabiri nini, na huishia wapi

Swali la wiki lilikuwa: "Je, alama anazopata mtoto akimaliza shule ya msingi zinaonyesha atakavyokuwa baadaye?" Zinaonyesha, tena kuliko wengi wanavyopenda kukiri, lakini kwa kundi. Kwa mtoto mmoja mmoja, hasa aliye karibu na mstari wa kuchaguliwa, zinaonyesha kidogo sana. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakoumiza watoto kila mwaka matokeo yanapotoka.

Wataalamu wa vipimo hueleza nguvu ya utabiri kwa namba inayoitwa uwiano, nayo huandikwa r. Sifuri maana yake alama za leo hazisemi lolote kuhusu kesho. 1 maana yake ukijua leo umejua na kesho. Katikati ndipo watu wanapopotea. Mtu akisikia 0.5 hudhani mtihani unapatia mara 50 kwa 100. Sivyo. Wapange wanafunzi 200 kwa alama za kuingilia, uwakate katikati: 100 juu, 100 chini. Baada ya miaka minne wapange upya kwa matokeo ya mwisho na uwakate tena. Kama mtihani ule haukuwa na uwezo wowote, 50 kati ya wale 100 wa juu watakuwa bado juu, kwa bahati tu. Kwa r ya 0.3 watakuwa 60. Kwa 0.5 watakuwa 67. Kwa 0.7, ambayo ni namba ya kujivunia katika fani hii, watakuwa 75. Yaani hata kwa kipimo bora kiasi hicho, robo ya waliosifiwa wameshuka, na idadi ileile ya waliodharauliwa imepanda ikachukua nafasi zao.

Mtihani hutabiri vizuri zaidi kitu kinachofanana nao. Mwaka 2007 mtafiti wa akili Ian Deary na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 70,000 wa Uingereza waliopimwa uwezo wa kufikiri wakiwa na miaka 11, kisha wakafanya GCSE, mitihani ya sekondari ya huko, wakiwa na miaka 16. Uwiano kati ya uwezo wa jumla na ufaulu wa jumla ulikuwa 0.81. Ukitoka darasani, namba inaporomoka. Kwa utendaji kazini, muhtasari wa tafiti nyingi uliofanywa na Schmidt na Hunter mwaka 1998 ulivipa vipimo vya akili 0.51. Paul Sackett na wenzake walipoyapitia upya mahesabu hayo mwaka 2022, walipata 0.31. Usaili uliopangwa, yaani maswali yaleyale kwa kila mwombaji na utaratibu mmoja wa kutoa alama, ulipata 0.42.

Iliwezekanaje 0.51 ikawa 0.31? Sababu kubwa ni namna ya kusahihisha jambo ambalo kila mwalimu amekutana nalo. Ukiwaangalia waliokwisha kuchaguliwa peke yao, uwiano hupungua. Chukua mtihani wenye r ya 0.6 kwa watahiniwa wote, kisha ubakize asilimia 10 ya juu tu. Ndani ya hao, r ni kama 0.3. Ndiyo maana katika shule inayopokea vipanga pekee alama za kuingilia huonekana hazina maana, ilhali katika shule inayopokea wa kila aina huonekana zinasema mengi. Mtihani ni uleule, ila umebanwa. Watafiti huupandisha uwiano kufidia ubanaji huo, na fidia hiyo ikitolewa mahali ambapo hapakuwa na ubanaji mkubwa, namba huvimba.

Sasa tuje kwenye mstari wa kuchaguliwa, maana hapo ndipo machozi yalipo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa Kenya kuanzia 1985 hadi 2023, katika miaka yake ya mwisho ilitolewa kwa jumla ya alama 500. Tuseme mtihani wa namna hiyo una uthabiti wa 0.9, yaani mtoto akiurudia atapata alama za karibu na zile za kwanza, na huo ni uthabiti wa juu, na kwa kawaida alama hutawanyika 70 hivi kutoka kwenye wastani. Kosa la kipimo hapo ni karibu alama 22, kwa kila mtahiniwa. Usingizi, maswali yaliyobahatika kuangukia alichosoma, mwalimu aliyesahihisha insha: yote yamo humo. Mtoto mwenye 398 na mwenye 402 hawana tofauti inayoweza kuthibitishwa, wala mwenye 390 na mwenye 410. Anayesema mstari wa 400 umetenganisha wenye uwezo na wasio nao hajui kipimo alichoshika.

Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliutumia ukaribu huo vizuri. Katika utafiti wao wa 2014 waliwalinganisha wanafunzi walioingia shule za kitaifa za Kenya, zile za sekondari zenye sifa kubwa, kwa kuponea chupuchupu na wale waliozikosa kidogo tu. Waliopata nafasi walisoma na wenzao wenye alama kubwa zaidi. Hata hivyo, matokeo yao ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hayakuonyesha faida ya maana. Sehemu kubwa ya A zinazosifiwa kila mwaka, kwa hiyo, iliingia getini pamoja na wanafunzi. Owen Ozier naye, 2018, aliuangalia mpaka mwingine wa KCPE: ule wa kupata sekondari au kuikosa kabisa. Pale tofauti ilikuwa kubwa. Waliosoma sekondari walikuja kufanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya ukubwani, na wasichana wachache zaidi walipata mimba za utotoni. Kukosa shule fulani si msiba. Kukosa shule ni msiba. Mzazi anayeuza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya jina la shule anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Hapo pia tunaona kasoro ya neno "kutabiri". Alama zikikufungulia mlango, kisha ukafanikiwa, mlango nao umechangia. Lile jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel la mtoto kungoja ili apate peremende mbili badala ya moja lilisifiwa kwa miaka kwamba linaonyesha mafanikio ya baadaye. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia kwa watoto zaidi ya 900: uhusiano ulikuwa kama nusu ya ule wa mwanzo, na hali ya nyumbani na uwezo wa awali vilipozingatiwa, theluthi mbili ya uliobaki ikatoweka.

Mfumo mpya wa Kenya umepunguza uzito wa siku moja. Nafasi ya sekondari ya juu hutokana na KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, kwa asilimia 60, KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Vipimo vingi vya nyakati tofauti ni jambo jema, maana makosa yake hufutana. Ninachokihofia ni zile ngazi nane ambazo matokeo ya KJSEA hutolewa kwazo. Ngazi huwatenga wawili walio pande mbili za mpaka kama kwamba wako mbali, na kuwaweka sawa wawili walio ncha mbili za ngazi moja.

Mwalimu mkuu yeyote anaweza kuupima utabiri huu shuleni kwake kwa daftari na jioni mbili, kwa njia ya kukata katikati niliyoeleza juu. Alinganishe hesabu yake, kwa kila 100 wa juu, na 60, 67 au 75, naye atajua r yake ilipo. Awe na wanafunzi 100 angalau. Kwa 30, wawili wakihama upande jibu linabadilika sana. Wasiwe wamegawanywa kwa alama zilezile katika mikondo, mkondo wa A ukipewa walimu bora, kwa kuwa hapo shule yenyewe imeutimiza utabiri.

Kosa linaloharibu zaidi, na linalofanyika karibu kila mahali, ni kuanza na orodha ya waliomaliza. Walioacha kwa karo, kwa mimba, kwa kuhamia mjini kutafuta kibarua, hawamo, na mara nyingi hao ndio utabiri uliowakosa. Kundi la kwanza la KJSEA la 2025 litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Anzeni na rejista ya siku ya kuingia, majina yote, na safu moja ya kuandika aliyeondoka, mwezi gani, na kwa nini.