Safari ndefu ya miguu inaandaliwa Jumapili, sio Jumamosi

Nyinyi mnaojiandaa na safari ndefu ya miguu, iwe ya siku nne au ya mwezi mzima, naomba tuongee kuhusu wikendi, maana naona watu wana bidii kweli lakini bidii yote inaishia Jumamosi. Mtu anaamka alfajiri anapiga kilomita 30 kwa mkupuo, anarudi hoi, Jumapili anashinda kalala, Jumatatu anapandisha ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Hongera zake, katembea. Ila kwenye safari yenyewe hiyo Jumapili ya kulala haipo. Unaamka miguu imekaza, viatu bado vina unyevu wa jana, begi ni lile lile, na unatakiwa uanze tena, na kesho tena.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na huu nautetea popote: gawanya. Kama ulipanga 30 siku moja, fanya 18 Jumamosi na 12 Jumapili, uone utakavyojifunza mambo ambayo siku moja ndefu haikuambii. Jumapili asubuhi ndipo unajua begi limekuchuna wapi, soksi gani imekusaliti, na kama jana ulikula vya kutosha au ulijidanganya. Mimi zile dakika 20 za kwanza za Jumapili nazipenda kuliko kilele chochote, mwili unalalamika kila kiungo alafu taratibu unaanza kulegea, pumzi inakaa sawa, na unagundua kumbe ule uchovu ulikuwa mkazo tu. Huwezi kumwelezea mtu hilo akaelewa, lazima alipitie, na ni bora alipitie akiwa mazoezini kuliko siku ya pili ya safari akidhani mwili umeisha.

Angalia mfano wa Camino de Santiago, ile njia ya mahujaji inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa mpaka Santiago de Compostela, Hispania. Ni kama kilomita 780 na wengi wanaimaliza kwa siku 30 hadi 35, yaani wastani wa kilomita 22 mpaka 26 kwa siku. Umbali huo kwa siku moja mtu yeyote mwenye afya anaweza kujikokota akafika. Shida ni kwamba siku ya kwanza kabisa unavuka milima ya Pyrenees, unapanda zaidi ya mita 1,200, alafu unashuka mteremko mkali kuingia Roncesvalles, na asubuhi yake hakuna anayekuuliza kama magoti yamepona.

Na hapa kwenye kushuka naomba nikae kidogo maana ndipo watu wanapoumia. Kila mtu anaogopa kupanda kwa sababu kupanda kunakata pumzi, kushuka anakuchukulia kama mapumziko. Sasa ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo ndani ya misuli. Ndio maana yale maumivu hayaji siku hiyo hiyo, yanakuja kesho na mara nyingi yanakuwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Habari njema ni kwamba misuli inakumbuka, ukishuka mteremko wa maana leo, wiki mbili tatu zijazo mteremko kama ule hautakuadhibu vile tena. Kwa hiyo tafuta miteremko makusudi, usiikwepe. Piga hatua fupi, magoti yalegee kidogo, usitue kwa kisigino kwa kishindo, na kama una fimbo za kutembelea zirefushe kidogo kabla ya kushuka ili mikono ibebe sehemu ya uzito. Mnaokaa tambarare, ngazi za jengo refu zinafaa sana, ila msipande kwa miguu alafu mkashuka kwa lifti, kushuka ndiko mlikokufuata.

Kitu kingine, msikimbilie kilomita. Pumzi inakuja haraka, ndani ya wiki chache unajisikia simba, misuli nayo inafuata, lakini kano zinazoshika misuli na mifupa zinapata damu kidogo na zinaimarika polepole mno, inachukua miezi. Hapo katikati, pale pumzi ishakubali na kano bado, ndipo kisigino kinaanza kuuma kwa nyuma au unyayo unachoma ukikanyaga tu asubuhi. Ongeza kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu nne chukua wikendi moja utembee nusu tu ya kawaida. Wengi wanaona hiyo wikendi ya nusu ni uvivu, mimi naona ndiyo inayowafikisha.

Sasa miguu yenyewe. Lengelenge haliji kwa bahati mbaya, linatengenezwa. Ngozi ya juu inashikwa na soksi, mfupa wa ndani unaendelea kwenda mbele na nyuma kila hatua, zile tabaka za katikati zinavutana mpaka zinaachana na maji yanajaa. Unyevu unaongeza kushikana, ndio maana soksi za pamba tupu hazifai, zinanyonya jasho na kubaki nalo, chukua za sufu nyepesi au za nyuzi za kisasa zinazokauka upesi. Na kabla ya lengelenge kuna onyo kila mara, joto fulani hivi sehemu moja, kama kisarafu kimebandikwa kisiginoni. Hapo hapo simama. Sio ukifika pale kwenye mti, hapo hapo. Vua kiatu, vua soksi, utakuta doa jekundu, pengine halizidi ukucha wa kidole gumba. Kausha vizuri, acha ngozi ipoe, kata tepu ya michezo kubwa kuliko doa na zungushia mkasi kwenye kona ziwe duara, maana kona kali ndiyo inayoanza kubanduka ndani ya soksi na kukuletea doa la pili. Ibandike bila mkunjo hata mmoja, isugue kwa kiganja ipate joto ishike, alafu rudisha soksi iliyonyooshwa. Dakika tano zinatosha. Nimeona mtu kakataa kusimama kwa sababu wenzake walikuwa wanamwacha, na kesho yake akabaki kambini wenzake wakiendelea.

Viatu jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazotembea nazo, na vidole vipate nafasi mbele, kwa sababu kwenye mteremko mguu unateleza kwenda mbele na kucha zinagonga mpaka zinakuwa nyeusi. Kabla ya kushuka kaza kamba pale juu karibu na kifundo, chini ziache zimelegea kiasi.

Begi usilianze na mzigo kamili. Anza na maji na koti, wikendi zinazofuata ongeza, ukikaribia safari ndio ubebe uzito wenyewe, na wengi wanaona vizuri usizidi kama asilimia 20 ya uzito wa mwili. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, sio tumboni, uzito mwingi ukae huko na mabega yabaki ya kusawazisha tu.

Kupanga muda, kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, bado inasaidia sana: hesabu kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya kilomita 20 yenye mwinuko wa mita 600 inakuwa saa tano, na hapo hujapumzika, hujala, hujapiga picha. Mtu anayeanza ahesabu saa saba. Geuza mahesabu, toa saa hizo kwenye saa ya jua kuzama na ubakize akiba ya saa mbili, hiyo ndiyo saa ya mwisho ya kuondoka. Ikishapita, chagua njia fupi, hamna kubishana.

Maji kunywa ukisikia kiu, usijilazimishe malita kwa malita, maana maji matupu mengi sana yanapunguza chumvi kwenye damu na hilo ni hatari kama kukaukiwa maji mwilini kwenyewe. Siku ya jua kali beba na kitu chenye chumvi. Kula kidogo kidogo kabla njaa haijakukamata.

Usalama sitaurefusha ila msiuchukulie poa. Mwambie mtu unapita njia gani na utarudi saa ngapi, na mkubaliane afanye nini ukichelewa. Tochi beba hata kama unarudi mchana. Filimbi pia, mlio wa kuomba msaada unaotambulika milimani ni mara 6 ndani ya dakika moja, unatulia dakika moja, unarudia, na wanaokusikia wanajibu kwa mara 3. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo hali ya hewa ya nyumbani isikudanganye. Ukisikia radi uko kwenye mgongo wa mlima, shuka, kilele kitakuwepo tu.

Wiki tatu hivi kabla ya safari fanya wikendi moja kamili kama mazoezi ya jukwaani, nguo zile zile, begi lenye kila kitu, ikiwezekana mlale huko nje usiku huo ili Jumapili uanze bila kuoga maji moto wala kitanda chako. Chochote ambacho hukukigusa siku hizo mbili, toa kwenye begi, isipokuwa vya dharura. Baada ya hapo punguza, tembea mara kwa mara lakini kwa ufupi, ile hamu ya kujipima kilomita 35 wikendi ya mwisho izuie kabisa kwa sababu haiongezi kitu tena, inakuchosha tu. Kucha zikate siku tatu nne kabla, sio usiku wa kuamkia safari, na viatu vipya hata ukipewa bure siku hizo viache kabatini.