Mbuzi hanawi mikono

Juzi msomaji wa Morogoro kanitumia ujumbe: "Dada, tuko sita, tumemaliza chuo cha sanaa, tunataka kikundi cha kuigiza hadithi za wanafunzi kama chenu. Tuanzie wapi?" Nikaanza kumjibu nikiwa kwenye daladala. Nashuka Rangi Tatu bado naandika. Nikaona bora niwaandikie wote, maana najua mko wengi mnaowaza hivyo hivyo.

Wazo lenyewe hatukulibuni sisi. Chicago, Marekani, mwaka 1997, wasanii vijana walianzisha kundi la Barrel of Monkeys. Walikuwa wakiingia shule za umma, wanafundisha watoto kuandika kwa wiki kadhaa, kisha wanarudi kuigiza hadithi za watoto hao mbele ya shule nzima. Nilipolisoma hilo sikulala. Nikalibeba zima zima, nikaja kulitua Mbagala, Dar es Salaam.

Ilikuwa 2016, elimu bila malipo ndiyo imeanza na madarasa yamefurika. Darasa la nne tulilopewa lilikuwa na watoto 112. Wanne dawati moja, wengine sakafuni, wawili wamekaa dirishani. Tukagawa karatasi, tukawaambia waandike hadithi yoyote waitakayo. Tukakusanya, tukaenda kuzisoma chini ya mwembe, na nusu saa baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Karibu zote zilikuwa hadithi moja: Juma hakuwasikiliza wazazi wake, Juma akagongwa na gari, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto walikuwa wametuandikia insha ya mtihani.

Kesho yake tukaenda bila karatasi. Mwenzetu mmoja akalala kifudifudi mbele ya ubao.

"Huyu nani?"

"Mamba!"

"Anataka nini?"

"Soda!"

"Mbona hanywi?"

Hapo darasa likapasuka. Hana hela. Hana mkono mrefu. Mama yake kamkataza. Amekunywa jana akacheua mtu. Tulipotoa karatasi nikawaambia leo hakuna kalamu nyekundu, hakuna atakayesahihisha. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Hata nikisahau herufi kubwa?" Hata ukisahau. Akanitazama kama mtu anayeuziwa simu ya wizi, kisha akainama akaanza kuandika.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo: msianze na kalamu. Wa pili, mkishaipata hadithi ya mtoto, isomeni kwa sauti mara tatu kabla hamjaigusa. Neno analolirudia ndilo wimbo wenu. Alipokosea ndipo palipo na kichekesho. Msiongeze kitu.

Narudia, msiongeze kitu. Nina sababu ya kurudia.

Mwaka 2019 mtoto mmoja wa darasa la nne alituandikia hii, nainakili kama ilivyo: "Mbuzi alienda kariakoo kununua viatu vyekundu. muuzaji akasema pea ngapi. akasema mbili maana ninamiguu mine. Akapanda daladala konda akasema mbuzi analipiwa kama mzigo. Mbuzi akasema mimi siyo mzigo nimevaa viatu. konda akasema haya kaa. Mwisho."

Nimesoma tamthilia nyingi na nimeandika zangu kadhaa. Sijawahi kuandika mstari unaofikia huo wa "mimi siyo mzigo nimevaa viatu".

Sasa hela. Nilipokuwa mdogo, watu wa mazingaombwe walikuwa wakija shuleni, kila mtoto analeta sarafu yake, wanaondoka na mfuko umejaa. Siku hizi michango ya shuleni ina masharti, na mimi mwenyewe sitaki mtoto abaki nje kwa kukosa mia mbili. Kwa hiyo tunaishi kwa maonyesho ya Jumamosi na kwa wafadhili. Mfadhili mmoja, simtaji, alikubali kulipia ukumbi, usafiri wa watoto na soda. Sharti lake lilikuwa kwamba hadithi ziwe na funzo la usafi. Akapitia orodha yetu, akampenda mbuzi. Akashauri mbuzi afike nyumbani, anawe mikono kwa sabuni, ndipo ale.

Nilikubali. Sikubishana hata dakika mbili. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na waigizaji hawajapata nauli tangu wiki iliyopita.

Siku ya onyesho mtoto aliyeiandika alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Konda akatamka "haya kaa", ukumbi ukalipuka, mtoto akasimama akijua kwisha ni hapo. Mbuzi wetu akaendelea. Akashuka kwenye daladala, akaimba wimbo wa sabuni, akachovya kwato kwenye beseni.

"Mbuzi hanawi mikono!"

Alipiga kelele kabisa. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, akimwambia mwalimu wake: "Hiyo siyo yangu." Akaketi, akaukunja uso kwenye magoti, hakuunyanyua hadi mwisho. Mfadhili alipiga makofi. Picha zake zilitoka nzuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nalijua hilo. Pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, tulisoma habari za mradi wa Tuseme, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996. Wasichana wa sekondari waliandaa michezo juu ya yanayowakwaza wao wenyewe, kwa midomo yao. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani. Nikafaulu vizuri sana.

Kwa hiyo ninyi wa Morogoro, nisikilizeni. Mtoto akikupa hadithi amekupa kitu chake. Humfanyii hisani kwa kuiigiza, yeye ndiye anayekulisha. Wasanii tuna kiburi, tunadhani kila kitu kinasubiri mkono wetu kitengenezwe. Ukiona mbuzi hana funzo, mwache bila funzo. Na mfadhili akitaka sabuni, mwandikie igizo lake la sabuni, ulipwe, lakini usiingize mkono kwenye daftari la mtoto. Msiongeze kitu. Mengine ni madogo: barua ya halmashauri itoeni nakala kumi, maleba ni kanga na masikio ya boksi, na ngoma msiiache shuleni usiku.

Mwezi uliopita tulirudi shule ile ile tukaigiza mbuzi kama alivyoandikwa. Mwandishi yuko sekondari sasa, mrefu kuliko mimi. Nilimtumia salamu kupitia kwa mama yake, na kweli akaja na sare zake, akasimama mlangoni hataki kuingia. "Haya kaa", taa zikazimwa, watoto wakapiga kelele hadi bati likatetemeka. Nikamfuata, na sitaficha, nilikwenda nikisubiri kushukuriwa.

"Viatu vilikuwa vyekundu," akasema. "Mmeleta vyeusi."

Natafuta pea mbili nyekundu, saizi ya mtu mzima. Mwenye navyo aniandikie.